Pacha wa Chumba cha Kushonea

Kila asubuhi nyumbani kwetu, kabla jua halijafika kwenye ukuta wa mbele, sauti mbili zilikuwa zimeshaanza. Ya kwanza ilikuwa ya cherehani yangu, maana mimi ni fundi wa nguo na kazi za watu hazinisubiri. Ya pili ilikuwa ya viatu vya binti yangu vikigonga njia ya nyuma ya nyumba, tap tap tap, akizunguka mara tatu kupasha miguu moto kabla ya kuoga na kwenda shule. Nilikuwa nakanyaga cherehani kwa kufuata hatua zake, mpaka Bibi anapiga kelele kutoka jikoni, "Ninyi wawili mtanibomolea nyumba!"

Bibi ni mama mkwe wangu. Tunaishi watatu, kwa kuwa baba wa mtoto kazi yake iko mbali na hurudi mwisho wa mwezi. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na miwili. Shuleni walimwita Cheche, kwa sababu akiachiwa kwenye mstari anaruka kama cheche ya moto, na jina likamganda hata nyumbani.

Nawaandikia ninyi mnaosoma haya ili yasiwapate. Yaliyotupata hayakuja kwa kishindo. Yaliingia taratibu, mchana kweupe, na mimi mama mtu nilikuwa nimekaa hatua nne tu kutoka pale.

Mwanzoni mwa muhula, mwalimu wa michezo aliniletea kazi ya kushona sare za wakimbiaji. Watoto humwita Firimbi kwa sababu firimbi yake haivui shingoni, nadhani hata akilala. Cheche alikuwa amechaguliwa kukimbia mita mia nane kwenye mashindano ya shule zote, na yalikuwa yamebaki majuma saba. Sijamwona mtoto akitaka kitu kama alivyozitaka mbio zile. Aliandika tarehe kwa chaki nyuma ya mlango, akaizungushia duara.

Sasa, mimi nina sanamu la kushonea. Ni kiwiliwili cha gunia, hakina kichwa, hakina mikono wala miguu, kimesimama juu ya mti wa chuma. Mgongoni nimekiacha wazi, nakifunga kwa kamba kama kiatu. Nikipata mteja mnene nafungua kamba na kuongeza vipande vya nguo ndani, nikipata mwembamba napunguza. Basi nilimpima Cheche, nikaandika vipimo vyake kwenye daftari, nikalijaza sanamu mpaka likalingana naye kifua, kiuno na nyonga, ili nishone hata akiwa mazoezini. Nikalivalisha fulana ya mbio.

Cheche akasimama kando yake, akajitazama na kulitazama. "Mama, huyu ni pacha wangu! Ila mimi nina kichwa."

"Hicho kichwa basi kitumie," nikamwambia.

Tangu siku hiyo sanamu likaitwa Pacha.

Jumamosi moja alikuja kupimwa msichana aliyemtangulia Cheche darasa moja, mkimbiaji mwenzake, mwembamba na mwepesi. Kwa wepesi huo walimwita Manyoya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nyanyua mikono."

Cheche alikuwa anakula kwenye meza ya kukatia nguo: viazi, yai la kukaanga na mboga. Manyoya akaitupia jicho sahani.

"We Cheche, hayo yote utayakimbiza wewe?"

"Kwani vipi?"

"Mafuta ni mzigo, mwenzangu. Ukiyala ni sawa na kukimbia na ndoo ya maji kichwani. Nimeona kwenye simu ya dada."

"Na viazi je?"

"Viazi ndiyo ndoo yenyewe!"

Wakacheka, na mimi nikacheka, pini zikiwa midomoni. Sikusema neno. Kicheko kile hadi leo nikikikumbuka nakosa raha.

Juma lililofuata Cheche alianza kusuuza mboga kwa maji kabla ya kula. Bibi akamwona.

"Mke mwenzangu," akamwambia, maana ndivyo anavyomtania mjukuu wake, "hiyo mboga unaiogesha inakwenda harusini?"

"Mafuta yananilemea, Bibi."

"Haya. Lakini ujue nyumba hii chakula hakitupwi. Nikikuta hata punje moja kwenye ndoo ya takataka, tutagombana."

Na kweli Bibi hukagua ndoo ya takataka kama askari wa mpakani. Cheche akaacha siagi ya karanga, akaacha parachichi, akaacha mayai. Kisha akaanza kuuonea wali na mkate mashaka, anausukuma sahanini huku na huku. Lakini siku chache baadaye mambo yakaonekana kutengemaa. Kila mchana alikuwa akirudi kutoka shule, ambayo iko karibu, akichukua sahani yake na kuingia chumba cha kushonea, mimi nikiwa barazani na wateja. Sahani ikawa inarudi jikoni tupu, nyeupe, kama imelambwa.

"Umeona?" Bibi akaniambia. "Mtoto ukimkazia kidogo, anakula."

Na mazoezini alimshinda Manyoya mara mbili juma lile. Alirudi anaimba. Nami nilimsifu mbele ya wateja: "Huyu amekuwa mwepesi kama uzi!" Nilidhani nampa moyo.

Juma la nne nilimvalisha bukta ya mbio niliyoishona mwenyewe. Ikamtelemka mpaka magotini. Nikashtuka, nikampima. Kiuno kimepungua vidole viwili.

Fundi yeyote atakuambia: utepe wa kupimia ukizeeka unarefuka, na utepe uliorefuka hukudanganya kwamba mtu amepungua. Wangu nilikuwa nao tangu nianze kazi. Basi nikaulaumu utepe. Nikashika sindano, nikaipunguza bukta upande huu na upande huu. Siku sita baadaye ikapwaya tena, nikaipunguza tena. Mara ya tatu ndipo nikavuka barabara kwenda kwa fundi mwenzangu anayeshona makoti, kuazima utepe mpya.

"Huo wako ulizaliwa mwaka gani?" akaniuliza akicheka. Akazilaza tepe zote mbili mezani sambamba. Alama ziliketi pamoja toka mwanzo mpaka mwisho. Kicheko kikamwisha. "Utepe wako mzima, dada. Kama kuna kinachopungua, si utepe."

Nilirudi nyumbani nikiwa mbishi bado. Nikasema nitampima Pacha, maana yeye hali wala hakimbii. Vipimo vyake vikifanana na vya daftarini, nitakubali kwamba anayepungua ni mtoto.

Ulikuwa mchana wa jua kali, barabara kimya, hata kuku wamejificha kivulini. Chumba kilikuwa na joto la kufungiwa. Nikamzungushia Pacha utepe kiunoni, nikasoma. Nikaupangusa kwa gauni langu, nikamzungushia tena, nikasoma tena.

Pacha alikuwa ameongezeka vidole viwili.

Nilisimama pale utepe ukining'inia mkononi. Sikuwa nimemwongezea kipande chochote. Mwanangu amepungua vidole viwili na zaidi, na sanamu lenye umbo lake limenenepa vidole viwili. Nywele zilinisimama shingoni na jua liko utosini.

Nilipomweleza Bibi hakushangaa. "Nilisema tangu mwanzo, kitu kisicho na kichwa hakivalishwi nguo ya mtoto. Kinamnywa huyo."

"Mama, acha maneno hayo."

"Haya, mimi ni mzee, nimenyamaza."

Nilimkemea, lakini nikaenda nikamgeuza Pacha, kifua kitazame ukutani. Kisha nikajicheka: kitu kisicho na macho, unakigeuza ili kisione nini? Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, niliingia chumbani. Pacha alikuwa amenigeukia tena, kifua mbele, mgongo ukutani, kama hakuguswa.

Sikumwuliza mtu yeyote. Niliogopa jibu.

Na mtoto? Nawaeleza nilivyomwona, ili nanyi mkiona mjue. Nilimshika mkono mchana wa jua kali, ukawa baridi kama bomba la maji. Alikuwa anavaa sweta wakati sisi tunajipepea. Kitana chake kilijaa nywele. Nilipomsuka Jumapili nikaona mikononi mwake, toka kiwiko hadi bega, umeota unyoya mwembamba, laini, kama wa kifaranga siku ya kwanza. Nikaupitishia kidole, naye akauvuta mkono haraka.

"Unaumwa, mwanangu?"

"Hapana, mama."

"Unakula?"

"Si unaona sahani?"

Niliona sahani, na nikaiamini sahani kuliko mtoto. Asubuhi zile hatua zake nyuma ya nyumba zilikuwa zimebadilika. Hazikuwa tap tap tap tena. Zilikuwa tap, kimya, tap, kama mtu anayetafuta kitu gizani. Mguu wangu juu ya cherehani ukakosa wa kumfuata.

Zikiwa zimebaki siku kumi na tano kufika mashindano, niliona doa kwenye fulana ya Pacha, pale tumboni. Nikaligusa. Mafuta. Jioni likawa kubwa kama kiganja. Kesho yake yakawa mawili, na Pacha akawa kama mtu anayetoka jasho. Msafara wa sisimizi ulikuwa unapanda ule mti wa chuma, mmoja nyuma ya mwenzake, unaingia chini ya fulana na hautoki. Chumbani kulikuwa na harufu nzito, tamu tamu, ya kitu kilichosahauliwa. Nilimwaga maji ya sabuni kwenye mfereji wa nje, nikidhani inatoka huko.

Mchana ule Cheche alikula upesi akarudi shule kwa mazoezi. Nilikuwa peke yangu chumbani, namalizia kola. Uzi ukakatika, nikasimamisha mguu, cherehani ikanyamaza. Ndipo nikasikia. Khr. Khr khr. Sauti ndogo, ya karibu. Nikageuza kichwa polepole.

Tumbo la Pacha lilikuwa linapumua. Fulana ilinyanyuka kidogo, ikashuka, ikanyanyuka tena, kama tumbo la mtoto aliyelala.

Sikumbuki nilivyofika nje. Najua tu kwamba nilikuwa barazani bila viatu, mkasi mkononi, na Bibi ananiuliza, "Nini? Nini?" Kabla sijamjibu, tukamwona Firimbi anakuja mbio barabarani. Kwa mara ya kwanza firimbi yake ilikuwa imegeukia mgongoni. Amembeba Cheche mikononi kama mtoto mchanga, na nyuma yake Manyoya analia.

"Mama, usiogope, amezinduka," alisema huku anahema. "Mzunguko mmoja tu. Miguu ikamzimikia kama taa. Nimemwuliza kama amekula, anasema wali, maharage na parachichi. Ni kweli?"

"Ni kweli! Nimempakulia mwenyewe!"

"Sahani ilirudi tupu," Bibi akaongeza.

Firimbi akanitazama. "Basi sielewi. Mtoto aliyekula vile hawi mwepesi hivi. Nimembeba kama nimebeba koti."

Tulimwingiza ndani tukamlaza juu ya mkeka, palipo na ubaridi. Bibi akamnywesha maji yenye sukari kidogo kidogo. Macho yake yalikuwa nusu wazi. Mlango wa chumba cha kushonea ulikuwa wazi, na kutoka pale alipolala alimwona Pacha. Akanishika mkono ule wenye mkasi. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Mama," akanong'ona, "usimfungue."

"Nisimfungue nani?"

"Pacha."

Nikasimama. Bibi akasema, "Usiingie humo peke yako," lakini nilikuwa nimeshaingia. Nilimshika Pacha mabegani, nikamgeuza, nikaona kamba za mgongo wake. Fundo halikuwa langu. Mimi nafunga fundo la fundi, linalofunguka kwa kuvutwa. Hili lilikuwa fundo la viatu vya mbio, lile la kufunga mara mbili lisifunguke njiani.

Nikalikata.

Panya wawili waliruka wakapita katikati ya miguu yangu, na Bibi akapiga ukelele mlangoni. Kisha vikaanza kuanguka. Vipande vya mkate vilivyoota ukungu wa kijani. Karanga ndani ya kipande cha kitambaa, zimefungwa vizuri kama zawadi. Viazi. Mifuko ya plastiki yenye wali ulioganda, mmoja umetobolewa na panya. Parachichi jeusi, linalochuruzika mafuta. Yai. Yai lingine. Chakula changu chote cha mchana, cha siku nyingi, nilichokipika kwa mikono yangu. Kilikuwa kimelala tumboni mwa sanamu, na mwanangu yuko kwenye mkeka, mbavu zake zinahesabika.

Firimbi alivua kofia.

"Nilitaka niwe mwepesi," Cheche alisema kwa sauti ndogo kutoka kwenye mkeka. "Bibi anakagua ndoo. Sikuwa na pa kukiweka. Na ulipomgeuza, kamba zikawa zinaonekana, nikamrudisha." Akaanza kulia. "Kisha nikaanza kumwogopa, mama. Nikiingia naona yeye ndiye mimi. Lakini nikashindwa kuacha."

Nilitaka kufoka, sitawadanganya. Maneno yalikuja mpaka kwenye meno. Nikayameza, nikaketi chini, nikamlaza kichwa mapajani mwangu. Hofu yangu yote nilikuwa nimempa sanamu, na mtoto nilikuwa nimembakizia sifa.

Tulimpeleka zahanati saa ile ile. Muuguzi wa pale ni mama mfupi, miwani yake imefungwa uzi pembeni. Tulimweleza yote, akampima damu, akasikiliza moyo, akatazama ule unyoya wa mikononi, akavuta kiti karibu.

"Wewe ndiye unayeitwa Cheche?"

"Abee."

"Cheche bila kuni inakwenda wapi?"

Cheche akafikiri. "Inazimika."

"Basi. Viazi, wali, mkate, mahindi, vyote hivyo vina wanga, na wanga ndiyo kuni za mkimbiaji. Misuli haikimbii bila hizo. Nani alikwambia ni mzigo?"

"Lakini juma la kwanza nilishinda!"

"Ulishinda kwa kuni zilizobaki stoo. Zilipokwisha, ukaanza kuchoma milango na madirisha ya nyumba. Ndiyo maana leo paa limeshuka." Akaendelea. "Na mafuta umeyaacha kwa nini?"

Cheche akanitazama mimi.

"Nyumbani nani anaitia cherehani mafuta?" muuguzi akauliza, maana ananifahamu kwa kazi yangu.

"Mimi. Kila Jumamosi."

"Ukiacha?"

"Inakwaruza. Halafu inakwama."

"Na ukiimwagia chupa nzima?"

"Inachafua nguo za watu."

"Umejijibu. Kidogo cha kutosha, kila siku. Karanga, parachichi, samaki, mafuta kiasi ya kupikia. Vile vinavyoogelea kwenye mafuta usivifanye chakula cha kila siku, na usivile ukiwa karibu kukimbia, vitakulalia tumboni. Kula wanga wako saa chache kabla ya mbio, kisha ule tena baada ya mbio. Nyama, maharage au mayai vikujenge, mboga na matunda vikukinge. Na kuna jambo moja cherehani haina: cherehani haikui. Wewe unakua. Mifupa, damu, ubongo, vyote vinadai. Mafuta ndiyo yanayoutunza mwili na kuutia joto. Wako umeyakosa mpaka umejishonea sweta." Akaugusa ule unyoya taratibu. "Huu ndio."

"Majuma mawili nitakuwa nimepona?"

"Mashindano haya hukimbii, binti."

Alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia, cha mtu mzima. Muuguzi hakumkatiza. Alimpa kitambaa, akangoja. Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake haikuwa na ukali, lakini ilinichoma.

"Na wewe mama. Nguo ikimpwaya mtoto, kabla ya kushika sindano, shika mtoto."

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Kila juma tulirudi zahanati, tukaelekezwa kwa daktari, tukaelekezwa na kwa mshauri wa watoto, maana hofu ya chakula ni ugonjwa, na ugonjwa hauondoki kwa kukemewa. Kuna siku alilia mbele ya kijiko. Bibi aliacha kabisa kukagua ndoo. Badala yake alileta sahani yake, akaketi kando ya mjukuu, wakala pamoja polepole, wakipiga soga za majirani. Hatukumsifu kwa wembamba wala unene. Tulimwuliza habari za shule.

Manyoya alipokuja kuchukua sare yake, nayo ilimpwaya. Safari hii niliiweka sindano chini.

"Mwanangu, leo umekula nini?"

Akaangalia sakafu. Machozi yakadondoka moja moja. Nilimshika mkono, nikamsindikiza mpaka kwa mama yake, na nikakiri mbele yao kwamba siku ile ya viazi nilicheka, nilipopaswa kusema. Firimbi naye alimwita muuguzi shuleni aongee na wakimbiaji wote. Mwaka ule shule yetu haikupata kitu katika mita mia nane. Mzazi mmoja alimlaumu, naye akajibu, "Kikombe kitangoja, mzee. Watoto hawangoji."

Ilichukua muhula mzima na zaidi. Unyoya ulipotea mikononi. Nywele zikashika kitana kidogo kidogo. Daktari akamruhusu kutembea, kisha kukimbia taratibu. Asubuhi moja nilikuwa nashona gauni la mteja, nikasikia nyuma ya nyumba: tap tap tap. Nilisimamisha cherehani nisikilize vizuri, nisije nikawa naota. Bibi hakupiga kelele za nyumba kubomoka. Alitoka jikoni akasimama katikati ya mlango, mwiko mkononi, naye anasikiliza.

Mwaka mpya Firimbi alileta tena kazi ya sare. Pacha nilikuwa nimemfua, nikamshonea gunia jipya, nikamjaza kwa vipimo vya zamani vya daftarini. Nilimwita Cheche, nikampima. Kisha nikaichukua ile bukta niliyoipunguza mara tatu, nikaifumua mishono yote, na bado haikumtosha. Sikuwahi kufurahi hivyo kuharibu kazi yangu.

Ninyi mnaosoma, mkisikia mwenzenu anasema chakula ni mzigo, msicheke kama nilivyocheka. Mwambieni mtu mzima. Na ukiwa wewe ndiye unayeficha sahani, sema leo. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka kwa mwanangu, na angeniambia, ningeacha nguo za watu wote nimsikilize. Anayetaka miguu imfikishe mbali ale wanga wake na mafuta yake kwa kiasi, kila kimoja kwa kazi yake, wala asikimbie kwa kuchoma nyumba yake mwenyewe.

Cheche alikuwa anakula mkate wa siagi ya karanga pale kwenye meza ya kukatia. Akamwendea Pacha, akasimama kando yake kama siku ile ya kwanza, bega kwa bega. Sasa alikuwa amempita, urefu na upana.

"Mama, Pacha amekonda," akasema.

"Nitamwongezea vipande vya nguo."

Cheche hakucheka. Kisha akamgeuza taratibu, mgongo ukawa upande wetu, kamba zote zikaonekana, akamwacha hivyo. Akarudi mezani kumalizia mkate wake.